Mlinzi wa Friji

Dada yangu Lorna,

Natumaini goti lako limetulia na kuku wako wanataga bado. Sisi tunapumua na tunagombana, kwa hiyo tu wazima. Huku nyika ya Nullarbor jua linaweza kukaanga yai juu ya boneti.

Dada, safari hii nimeogopa. Unalijua gari letu la nyumba, lile kuukuu la kulala na kupikia safarini, ambalo mume wangu Merv hataki liitwe kuukuu. Friji ya gari ndiyo inayotunza insulini ya Merv, dawa yake ya kisukari. Tulipoacha lami tu, friji ikazima. Tukasimama kuitazama, ikawaka. Tukaondoka, ikazima tena. Nikaifunga insulini kwenye taulo la maji, na duka la dawa lilikuwa mbali, mbele na nyuma.

Kambini jioni, kama kawaida, kila mtu alikuja na kiti chake, bia yake na ushauri wake. Jirani yetu Kelvin Trask akasema ni betri tu, akamtania Merv kwamba fundi umeme mzima wa mgodini kashindwa na kisanduku cha kupozea bia. Merv akamjibu anyamaze, maana Kelvin hata kiti chake hukikunja kwa kusoma maelekezo. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nalowesha taulo.

Merv akapima fyuzi zote. Mimi nilimsomea namba, yeye akiwalaani watengenezaji kwa kuandika maandishi ya sisimizi. Kila kitu kizima. Ndio ubaya wa hitilafu ya kuja na kuondoka: ikiona tochi inajificha.

Kesho yake Merv aliposinzia, nikawaza. Friji ikizima, pampu ya maji na taa huzima nayo. Basi mgonjwa si friji, ni kitu zinachotumia pamoja. Nikaingia uvunguni na spana, nikaufuata waya mweusi wa betri hadi unapofungwa kwenye fremu ya gari. Nikautikisa, friji ikanyamaza. Nikauachia, ikanguruma. Nikafungua bolti. Chini yake palikuwa na rangi, nzito, inang'aa.

Unajua kila kipupwe Merv huipaka fremu rangi kuikinga na chumvi ya ufukweni, na pale waya unapokaa hukwangua mpaka chuma kitupu, maana rangi huzuia umeme. Hajawahi kusahau. Nililala pale vumbini nikiitazama ile rangi. Hakusahau, dada. Hakuiona. Nikamkumbuka na yule kangaruu aliyekatiza barabara juzi, ambaye Merv alimwona tu baada ya mimi kupiga kelele.

Nikakwangua, nikakaza. Friji haijazima tena.

Sasa siri yangu. Nimemwambia Merv hitilafu bado ipo, na lazima anayejua umeme akae kiti cha nyuma, afunge mkanda, aisikilize friji tukiwa njiani. Akasema nitaua gia. Kisha akanipa ufunguo wa gari.

Jana, katikati ya mawimbi ya vumbi, akapiga kelele kwamba imezima, nisimame. Nikasimama, nikaenda nyuma. Ilikuwa inanguruma kama kawaida. Akasema, bila kunitazama, kwamba imerudi yenyewe, hitilafu hizi ndivyo zilivyo, heri tuendelee hivi hivi, yeye nyuma mimi mbele.

Tutakapofika kwako, weka miadi kwa daktari wa macho kwa jina lako, umwombe Merv akusindikize, apimwe na yeye akiwa pale. Na usimuulize kama friji imepona. Muulize tu inaendeleaje.

Msalimie shemeji Doug, na kuku wote.

Mdogo wako na dereva,
Noreen