Vishikwambi Ndani ya Nailoni

Jumapili, 18 Mei 2025

"Eeem." Bado naisikia. Sauti yangu mwenyewe ikitoka kwenye simu! Nilijirekodi nikifanya mazoezi ya hotuba, dakika saba, na nimesema eeem mara thelathini na nne. Kama mbuzi aliyepitia chuo kikuu.

Ijumaa nitasimama Bungoma mbele ya walimu mia moja hivi, niwaeleze namna ya kutumia teknolojia darasani. Mimi, mwalimu wa mkataba! Mwalimu Mkuu, Bwana Gathii, ndiye aliyenipendekeza. Nikifanya vizuri ataniandikia barua nipate kazi ya kudumu. Mkataba wangu unaisha Desemba.

Jumatatu, 19 Mei

Dada yangu Waithera amenifanyisha mazoezi saluni kwake, hapa Kitale mjini. Wateja watatu chini ya draya — wasikilizaji bora duniani. Hawasikii kitu na wanaitikia kwa kichwa.

Draya zilipozimwa, mama mmoja wa Kachibora akaniambia, "Si uangalie watu, msichana. Unaongelesha sakafu, kwani imekukosea?"

Vidokezo vyangu viko sawa. Pakua video nyumbani, usitegemee mtandao. Usilipe darasa mgongo. Simu iweke ndani ya sufuria, sauti itafika dawati la mwisho. Hicho cha sufuria ni changu, nimekitumia kule shuleni Saboti tangu Januari. Najivunia. Waithera amecheka hadi akamwaga shampuu.

Jumatano, 21 Mei

Bwana Gathii ameniita ofisini. Anataka nianze na ile picha ya siku ya wazazi: wanafunzi wa Gredi ya Saba wameshika vishikwambi, wanatabasamu. Picha safi. Ila ukitazama vizuri, nailoni ya dukani bado iko. Vilikuwa vimezimwa. Baada ya picha vilikusanywa, vikarudi stoo, na viko huko tangu Februari. Ati visiharibike.

Anataka niseme wanafunzi wanavitumia kila wiki.

"Mukami, huo si uongo," akasema. "Huo ni mpango."

Mpango!

Kinachoniuma ni hiki: mimi ndiye niliyewapanga watoto kwa urefu. Nikawaambia watazame kioo kama wanaosoma. Chepkemoi aliuliza, "Mwalimu, tubonyeze wapi?" Nikamwambia asibonyeze popote.

Alhamisi, 22 Mei

Nimemwambia Nyongesa, tunayekaa naye meza moja ofisi ya walimu. Akacheka. "Mwarimu, wewe sema tu, bana! Nani atatoka Bungoma aje Saboti kufungua stoo? Chukua barua kwanza. Dhamiri utaipeleka kanisani Jumapiri."

Nikacheka pia. Halafu nikarudi kwenye mazoezi.

Eeem zimepungua: tisa. Lakini kila nikifika kwenye "kila wiki", ulimi unagoma.

Ijumaa, 23 Mei. Bungoma, saa nne na nusu

Tulipaswa kuanza saa tatu. Maombi yamekwisha, sasa ni salamu — kila mgeni anasimama, anasalimia, kisha anatambulisha wageni wake, nao wanasalimia. Ndiyo maana nina muda wa kuandika. Roselyne, anayeongoza shughuli, amenishika bega: "Bado wawili tu, mwalimu, halafu wewe. Umekunywa maji?" Nimekunywa chupa nzima. Sasa nahitaji choo.

Bwana Gathii yuko mstari wa mbele, tai nyekundu. Anawaambia majirani zake kwamba mimi ni matunda ya uongozi wake. Masikini. Leo ananipenda kweli.

Picha niliifuta alfajiri kwenye slaidi ya kwanza. Mahali pake nimeandika kwa herufi kubwa: VISHIKWAMBI VYETU VIKO STOO TANGU FEBRUARI. HAYA NDIYO TUNAYOFANYA BILA VISHIKWAMBI. Flashi nilimpa Hillary wa mitambo kabla ya maombi, nisije nikapata akili.

Amewasha projekta. Ukutani kuna ukungu tu wa maandishi. Hillary anazungusha lenzi, polepole. Bwana Gathii amevua miwani, anaipangusa kwa ncha ya tai.