Kitabu cha Pili cha Okapi Mdogo

Kisangani, Desemba 1966

Yaya Hadidja, dada yangu mpendwa,

Salamu zikukute mzima huko Kinshasa, na ule mguu uwe umeacha kukusumbua. Mimi na mwanao Nyota hatujambo, alhamdulilahi. Mvua tu ndiyo imetuchosha.

Yaya, kaa chini kwanza: kitabu cha pili kimetoka! Ndiyo, ni mimi Lukumani, uliyekuwa ukinigombeza kwa kuchora ukutani kwa makaa. Masista walituazima mashine yao ya stensil ya kunakilia kurasa, na wanafunzi wangu wakapaka rangi kila nakala kwa mkono. Kuna okapi wa milia ya kijani, na sitaki mtu aniulize. Wazazi walipokuja shuleni kukitazama, nilitembea kifua mbele kama mkubwa wa soko.

Kile cha kwanza nilikichora juu ya makatoni ya sabuni, wakati wa uasi, tulipojificha msituni upande wa Bengamisa. Ndani yake mama okapi alikwenda mbali, mtoto akalala kwenye majani bila kutikisika. Nilikimaliza hapo makusudi, ili watoto tuliokuwa nao wajifunze kunyamaza askari wakipita. Walinyamaza, na wote wako hai.

Katika hiki nilitaka mama arudi amkute mtoto palepale. Nyota alikataa kabisa. Aliniambia mimi mjomba wake, "Tonton, mama akichelewa, mutoto iko analala tu? Non, aende kumutafuta!" Basi okapi mdogo ameamka. Amemtoroka chui, amevuka mto juu ya gogo, amegombana na nyani. Yote ni ya mwanao, mimi nilishika kalamu tu. Ninamjivunia mpaka naona haya.

Sasa lililobaki. Uliniandikia kwamba unaogopa kurudi, kwamba vita vilifunga njia ya mto wewe ukiwa huko, na mtoto uliyemwacha mdogo vile hatakutaka tena. Nimemwambia Nyota, bila ruhusa yako. Hakulia. Aliuliza meli inaondoka lini. Barua hii inatangulia kwa ndege. Sisi tunapanda meli Jumatatu.

Tunakuletea nakala ya kitabu; ukifungua ukurasa wa mwisho usishtuke: mama okapi hana uso. Watoto wamelalamika, masista pia. Lakini Nyota haukumbuki uso wako, na amenikataza kuubuni. Anasema atauchora mwenyewe akishakuona.

Utusalimie wote wanaokutunza huko, na Mungu akulinde mpaka tutakapofika.

Ni mimi mdogo wako,
Lukumani