Usitaje Bei Mbele ya Mjane

Baturetno, Jumapili, 15 Januari

Assalamu alaikum Nduk, binti yangu Warsiti,

Hujambo huko Taichung, Taiwan? Baridi imepungua au bado inauma? Yule bibi unayemlea bado anagoma kula? Vaa soksi mbili, usione haya, homa huanzia miguuni. Sisi huku wazima. Mvua kila alasiri, nguo hazikauki, goti langu linanung'unika nalisugua mafuta linanyamaza.

Nisamehe nikikosea herufi, unajua niliishia darasa la tatu na kidole ninachoandikia ni kimoja. Lakini kwa kuwa simu wanakupa Jumapili tu, acha niandike yote.

Habari ni ya sokoni. Mzee Karso mwenye mashine ya kusagia nyama amefunga kibanda, wanawe wamemchukua Jakarta. Sasa wauza supu ya bakso wote wa hapa wanabeba nyama yao ya kufinyanga madonge, barafu yao na unga wao wa muhogo mpaka mjini kusagiwa, na wakirudi nyama imeshalegea. Wanatukana njia nzima. Jana Gimin kaniambia, "Mbok Ginem, mwite binti yako arudi na mashine. Nikisagiwa nyama hapahapa, hata mke wangu nitampenda upya." Nikamwambia, mkeo anasema bado anaisubiri ile mara ya kwanza.

Nduk, mkataba wako wa tatu unakwisha Machi. Mkuu wa soko amesema kibanda ataniwekea mpaka mfungo uanze. Tukipata mashine, huna haja ya kusaini tena. Idi utaila hapa, utalala kitandani kwako. Mpya hatuiwezi. Watu wanasema kwenye simu kuna matangazo ya zilizotumika, lakini mimi nayaogopa hayo. Dada yake Gimin alinunua friji huko, akaletewa sanduku la matofali. Wewe unajua zaidi.

Mbok wako


Taichung, Jumapili, 22 Januari

Waalaikum salaam Mbok,

Mimi mzima, soksi nimevaa. Goti usilisugue tu, nenda zahanati. Bibi sasa anakula, ila anataka nimwimbie kwanza, na nyimbo zake sizijui, basi namwimbia zetu za kupalilia mpunga. Anatafuna tu.

Leo nimeshinda kwenye matangazo, hata matembezini na wenzangu sikwenda. Za bei ya kutupa nimeziruka zote, hizo ni chambo. Iko moja Boyolali, ya rupia milioni kumi na saba. Ni rahisi, lakini si rahisi ya kutia shaka. Muuzaji anaitwa Bwana Hendro. Mbok, anaongea Kijawa cha heshima mpaka mimi nikaona haya, changu kimeota kutu. Anasema mashine ilikuwa ya kaka yake, marehemu sasa, na ipo nyumbani kwa mjane.

Usiogope, hatutumi hata senti kabla hujaiona. Nenda mwenyewe. Mwambie aiwashe, asage nyama kweli. Halafu weka mkono wako juu ya mashine upige picha. Picha za mashine mtu huiba popote, mkono wako hawezi kuuiba.

Ameomba jambo moja tu. Usitaje bei mbele ya mjane. Bado ana uchungu, na akisikia jasho la mumewe linakwenda kwa kiasi gani atalia, majirani waseme shemeji anamfilisi. Wao watamalizana kindugu. Nimemwambia hilo asiwe na wasiwasi, Mbok wangu si mtu wa kupigia kelele bei kwenye nyumba yenye msiba.

Mwanao, Warsiti


Baturetno, Alhamisi, 26 Januari

Assalamu alaikum Nduk,

Unaendeleaje? Mimi nimerudi kutoka Boyolali salama, mgongo tu umevunjwa na basi.

Mashine ipo! Si picha, si matofali. Ipo sebuleni, imefunikwa kitambaa cha maua kama bibi harusi. Mjane anaitwa Bi Sarmi, mdogo kuliko nilivyodhani, mwembamba, sauti ya chini. Aliiwasha, akatia nyama na barafu, ikameza kama ng'ombe mwenye njaa. Mota haigugumii. Visu vinang'aa, bakuli halina kutu hata ukingoni. Mkono wangu huo nimeuweka, utauona kwenye picha, ndio huo wenye kovu la wali wa moto.

Bei sikutaja. Naye hakutaja. Tuliongea habari ya marehemu, alivyokuwa akisukuma mkokoteni wa bakso mpaka akaweza kununua mashine. Nilipokuwa natoka nikamuuliza polepole, samahani Bi Sarmi, Bwana Hendro ni shemeji yako? Akatazama chini kidogo. Akasema, "Nggih." Ndiyo. Nikaona nimemgusa kidonda, nikaacha.

Moyo wangu umetulia. Njoo nyumbani.

Mbok wako


Taichung, Jumapili, 5 Februari

Salaam Mbok,

Najua upo kwa Bi Sarmi na Mjomba Parmin na pikapu yake. Pesa nimetuma sasa hivi. Akaunti ni ya mke wa rafiki yake Bwana Hendro, eti kadi yake mwenyewe imefungwa. Hapo nilisita. Lakini kuna mtu wa Solo anakuja kesho na pesa mkononi, na wewe mashine umeishika. Narudisha simu, bosi ameshanyoosha mkono. Pakieni, mkaifunge kamba vizuri.

Mbok, narudi nyumbani!

Mwanao, Warsiti


Baturetno, Jumatatu, 6 Februari

Assalamu alaikum Nduk wangu,

Sijui pa kuanzia. Hili utalisoma Jumapili ijayo, na mpaka hapo utakuwa unadhani mashine iko kibandani. Haiko, Nduk.

Jana tulifika asubuhi. Bi Sarmi akatuletea chai ya sukari nyingi na mihogo ya kukaanga. Ujumbe wako ukaingia, nikausoma, nikatabasamu, nikasema, "Alhamdulillahi, tayari." Naye akatabasamu, akasema alhamdulillahi. Tukakaa. Mimi nasubiri aseme chukueni. Yeye anasubiri kitu, sijui nini. Nikasifu mihogo, akaongeza mihogo. Adhuhuri ikaingia, akapika supu na tempe ya soya, tukala. Nikasema wana bahati Boyolali hakuna mvua, akasema nggih, hakuna mvua. Nduk, sikutaka kuonekana nina pupa kwenye nyumba yenye msiba.

Mjomba wako Parmin alikuwa amelala kwenye pikapu. Alasiri akaingia macho mekundu. "Dada, tunapakia au tunahamia hapa?"

Nikaona aibu. Nikamwambia Bi Sarmi, kwa ruhusa yako basi, tuichukue.

"Nggih, nggih," akasema, lakini hakuinuka. Halafu akasema, "Ila mpwa wako bado hajanitumia."

"Mpwa wangu nani?"

"Bwana Hendro. Si wewe shangazi yake?"

"Bi Sarmi, si shemeji yako?"

Akaweka sinia chini. "Mimi simjui, mama. Aliona tangazo langu, milioni ishirini na nne, hakuomba nipunguze hata senti. Akasema binti yako anakununulia zawadi, nisitaje bei mbele yako, utaikataa. Na ukiuliza, niseme yeye ni ndugu yangu, ili tusikuchanganye."

Parmin akapiga ile namba. Imezimwa. Akapiga tena, na tena, akaitukana simu.

Tulikwenda kituoni sote watatu. Askari mmoja kijana hakushangaa hata kidogo. Alisema mwizi huyu hukaa katikati ya watu wawili wakweli. Picha alizichukua kwenye tangazo la Bi Sarmi, akatoa lake kwa bei ya chini. Akasema, akaunti yenye jina lisilo la muuzaji wala la mwenye mali, hapo ndipo pa kusimama. Halafu akatutazama mimi na Bi Sarmi. "Nyinyi akina mama mmekaa siku nzima uso kwa uso. Mngetajiana bei tu, angekufa njaa."

Nduk, sijala tangu jana. Niandikie chochote.

Mbok wako


Taichung, Jumapili, 12 Februari

Mbok,

Wiki nzima nimekuwa nikiosha miguu ya bibi huku naimba. Nimeshawaaga wenzangu. Koti langu la baridi nimeshamgawia Yatmi.

Kama Bi Sarmi alikuwa hamjui, kwa nini alisema ndiyo? Ulimuuliza wazi, akasema ndiyo. Mbok, huyo ni mwenzake, au kama si mwenzake basi ndimi zao zimefanya kazi moja. Na wewe umekaa hapo, umekula mihogo yake, umekula supu yake, neno moja limekushinda? Ulikuwa unamwonea haya nani? Mimi ndiye mwanao.

Ijumaa nenda na Mjomba Parmin na wanaume watatu, mkaichukue. Alisema ndiyo, basi iwe ndiyo. Yeye ndiye akamtafute huyo Hendro wake. Wakala amenipa karatasi, anataka jibu Jumapili. Mashine ikiwa nyumbani, sisaini. Isipokuwapo, nasaini. Sina la kuongeza.

Mwanao, Warsiti


Baturetno, Ijumaa, 17 Februari

Assalamu alaikum Nduk,

Mzima? Umekula? Koti umerudishiwa? Usimwachie Yatmi, yeye ana nyama mwilini, wewe huna.

Tulikwenda kama ulivyosema. Wanaume watatu, Gimin mmoja wao, na kamba. Njiani walikuwa wanatamba, atatujua leo. Tulipoingia uani Bi Sarmi alikuwa anaanika nguo. Akatuona, akaona kamba. Nilitaka apige kelele, Nduk. Niliomba anitukane ili niweze. Hakupiga. Aliingia ndani akatoka na spana, akapiga magoti, akafungua nati mwenyewe moja moja, maana ile ya nyuma imekaa vibaya na asiyeijua huiharibu. Visu vya akiba akavifunga kwenye gazeti, akampa Gimin. Gimin akavipokea kwa mikono miwili, akasema asante, kisha akaona haya kwa kusema asante.

Wakaibeba mpaka getini. Majirani walikuwa wametoka. Mmoja akauliza kwa sauti, "Sarmi, umeuza?" Akajibu, "Nggih." Bila hata kumtazama aliyeuliza.

Nduk, mimi nimeitika nggih mara ngapi maishani bila kujua naitikia nini? Kwa mkuu wa kijiji, kwa daktari, kwa wakala wako yule siku alipokuja kukuchukua. Nikasema, ishusheni.

Parmin akanijia juu. "Dada, una wazimu? Umetuleta huku kote tuje kufanya mazoezi?" Nikasema ishusheni, Parmin. "Na mtoto wako nani atamleta nyumbani, huyu?" Nilishika mguu wa mashine nikauvuta mwenyewe mpaka wakaogopa itaniangukia, wakairudisha.

Usisaini. Njoo hivyohivyo. Nitakaanga mihogo, wewe utauza. Tutakula kidogo lakini tutakula pamoja. Nakuomba, Nduk, kabla hujashika kalamu soma hili kwanza.

Mbok wako


Taichung, Jumapili, 19 Februari

Mbok,

Nimesaini asubuhi, kabla sijafungua ujumbe wako. Miaka mitatu. Nilijua hutaichukua. Nilijua tangu nilipokuwa naandika uichukue.

Kulaghaiwa usijibebeshe, aliyelaghaiwa kwanza ni mimi. Mimi ndiye niliyekwambia usitaje bei, na mimi ndiye niliyeona jina la akaunti nikatuma. Hilo nitalala nalo mwenyewe.

Lakini ulimwona mwanamke amesimama uani, ukamhurumia. Mimi miaka tisa nimesimama. Huenda ni kwa kuwa hunioni.

Pesa za mwezi nitatuma kama kawaida. Goti lipeleke zahanati.

Warsiti


Baturetno, Jumapili, 23 Aprili

Assalamu alaikum Nduk,

Natumaini mzima. Pesa za Machi na Aprili zimefika, asante. Kibanda kimechukuliwa na mama mmoja wa Pracimantoro, ana mashine mpya, wanaume wanapanga foleni tangu alfajiri. Jumbe zangu tisa naona umezisoma, ile alama inatokea. Kujibu sikulazimishi.

Jana ilikuwa Idi. Watoto wa watu walikuja kupiga magoti mbele ya wazazi wao kuomba radhi. Nilikaa kwenye kiti nimevaa kebaya yangu ya kijani, wakaja wapwa, wakaja majirani, nikawasamehe wote hata wasionikosea. Wewe uko mbali, basi leo nimekuja mimi kwako.

Nisamehe kwa kukuita nyumbani kabla sijajua utarudi na nini. Nisamehe kwa siku ile ya wakala, ulikuwa na miaka kumi na tisa, ukanitazama niseme hapana, nikasema nggih. Nisamehe kwa koti.

Ile radhi ya mashine nimejaribu kuiandika tangu asubuhi. Nimeiandika nikaifuta, nimeiandika nikaifuta. Najua ndiyo unayoisubiri, na pengine ningeituma ungenijibu leoleo. Lakini nisingekuwa namaanisha. Wangeibeba tena leo mpaka getini, mbele ya Bi Sarmi, ningesema tena ishusheni, nikijua safari hii inanigharimu nani.

Basi hiyo sikuombi. Ibaki kati yetu.

Mbok wako