Mama Mmoja Tu

Jumamosi, 8 Machi 2025

Kambi ya meno, Karungu. Nimerudi Homa Bay na vumbi hadi masikioni. Kazi yangu ni ileile: kuandika majina, kushika tochi, kumtafsiria Daktari Moraa, maana Dholuo chake kinaishia kwenye salamu.

Leo alikuja mama na mtoto aliyechimbwa fizi. "Meno ya plastiki," akasema, kama mtu anayetaja malaria. Ule uvimbe mweupe wa jino changa – watu wa huku husema ndio unaomharisha mtoto. Daktari akaeleza: ni jino la kawaida, ni chonge, halijatoka tu. Ukilichimba unamwachia kidonda, na kuhara kunaendelea. Nikatafsiri. Mama akaniuliza mimi, si Daktari: na wewe, una mtoto? Sina. Akageuza uso. Nikaita jina linalofuata.

Jumatatu, 10 Machi

Maombi ya chuo cha meno yanafungwa Jumamosi. Ufadhili kamili! Nafasi kama hii haimrudii karani wa masjala mara mbili. Wanataka maelezo binafsi, ukurasa mmoja: kwa nini wewe, na kazi ya kujitolea imekufunza nini.

Nimeandika saa ya chakula. Bosi wangu, Bwana Barnabas, akapita akaachama mdomo wote: daktari, hebu niangalizie hili gego kabla hujatutoroka! Nilicheka. Nadhani nilicheka.

Nimemtumia Daktari Moraa ayapitie. Sentensi niliyoipenda ni ya aya ya pili: "Nimewaelimisha akina mama wengi wa kando ya ziwa."

Jumanne, 11 Machi

Daktari amepiga simu. Hana muda wa kubembeleza mtu. Edith, haya ni maneno ya kalenda. Kila mtu ana ndoto tangu utotoni, kila mtu anapenda jamii. Hao wengi ni akina nani? Nipe mama mmoja tu – ulimwambia nini, alikujibu nini, alifanya nini.

Sawa, Daktari.

Nimeifuta aya ya pili. Natafuta mama niliyewahi kumwambia kitu mimi mwenyewe, si Daktari kupitia mdomo wangu. Simpati.

Jumatano, 12 Machi

Javan anaharisha. Ni mtoto wa kaka yangu Zablon, miezi mitano. Naishi nao hapa. Zablon yuko Migori kwenye mjengo, harudi hadi mwisho wa mwezi. Mkewe, Caren, alikuwa anafua nepi akasema bila kuniangalia: nimempigia Waya.

Waya, yaani shangazi, Pauline, ni dada wa baba. Ndiye aliyenisomesha. Alianika omena, dagaa wa ziwani, jua na mvua hadi nikamaliza kidato cha nne. Na ndiye anayeitwa Karungu nzima mtoto akiharisha. Ana spoku ya baiskeli aliyoinoa ncha. Huichemsha kwanza. Waya ni mtu msafi sana.

"Anakuja Jumamosi," Caren akasema. "Wa kwanza tulichelewa kumwita."

Wa kwanza alikuwa Achieng'. Nilitaka kusema: Achieng' aliishiwa maji mwilini, Caren. Midomo yake ilikauka, niliiona. Tangu tumzike sijalia hata siku moja.

Nikasema chai imechemka.

Alhamisi, 13 Machi

Zahanati na Caren. Bwana Barnabas aliniruhusu, akasahau hata kutania. Muuguzi alimpima Javan, akatoa pakiti za maji ya chumvi na sukari na vidonge vya zinki. Mnyonyeshe, mpe haya, akizidiwa mrudishe upesi.

Caren akauliza: ni hayo tu? Maji?

Njiani alizigeuzageuza zile pakiti. Umezika mtoto, halafu unapewa unga wa kukoroga kwenye maji. Namwelewa – hilo ndilo linanitia hofu. Na nikimzuia Waya, kisha Javan afe? Nitaingiaje kwenye boma lile tena?

Aya ya pili bado tupu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimempigia Zablon. Nilikuwa nimeyapanga maneno vizuri kabisa. Nyuma yake mashine ya saruji ilikuwa inazunguka, nikalazimika kupiga kelele neno "fizi" ofisini. Akasema hayo ni mambo ya Waya na wanawake. Halafu: we Edith, usianzishe vita na mtu aliyekununulia sare.

Akakata.

Javan anatapika sasa. Caren humpa yale maji kikombe kizima, yanarudi yote, basi anaona hayafai.

Nimeijaza aya ya pili. Nimebuni mama, nikampa jina Damaris. Namweleza, analia, anaelewa, ananishika mkono na kunishukuru. Imetoka vizuri mno! Kesho naituma.

Jumamosi, 15 Machi

Waya amefika asubuhi na mfuko wa omena na kuku aliye hai. Akanikumbatia, akanisukuma nyuma anitazame. "Daktari wa meno gani huyu? Hata yako huyatumii, umekonda hivi!" Caren alicheka, mara ya kwanza wiki hii. Waya akambusu Javan kwenye nyayo. Akabandika sufuria. Akaitumbukiza spoku ndani.

Akasema leo mimi ndiye nitakayeshika kichwa, nina mkono mtulivu. Mama yake mwenyewe aling'olewa meno sita ya chini, kimila, akatafuna mifupa hadi siku ya kufa. Meno si kitu, nyara, binti yangu. Mtoto ndiye kitu.

Nikasema hapana, Waya.

Akasema: eti? Maji yalikuwa yanachemka.

Nikamtoa Javan kwenye mapaja ya Caren. Nikachukua kikombe cha yale maji na kijiko. Nikaingia chumbani kwangu nikafunga komeo. Sikukimbia. Nilitembea kama mtu anayepeleka faili ofisi nyingine.

Sasa niko kitandani na Javan mapajani. Naandika nikingoja kati ya kijiko na kijiko.

Waya amegonga kwa kiganja. "Nyara! Nani alilipa karo ukajua kufunga mlango?"

Ni wewe, Waya. Nimemjibu hivyo, kwa sauti. Akaacha kugonga.

Caren alikuwa analia: huyu ndiye niliyebaki naye, Edith, huyu tu! Nikamwambia kupitia mlango. Kijiko kimoja, polepole. Ngoja. Kisha kingine. Asipewe kikombe kizima, ndiyo maana hutapika. Kikirudi hiki, tunaenda hospitali kubwa sasa hivi, nambeba mimi mwenyewe, na Waya aje.

"Na akifa?"

Nikasema: Achieng' hakufa kwa sababu ya meno, Caren. Aliishiwa maji. Nilikuwepo, na sikukuambia.

Kuku analia nje ya mlango.

Simu yangu imelia sebuleni, iko kwenye chaji. Labda ni Daktari Moraa, anauliza kama nimetuma. Maombi yanafungwa leo. Damaris yuko humo kwenye aya ya pili, bado ananishukuru.

Kijiko. Kimekaa. Kingine.

Nguo yangu imelowa – amekojoa. Kidogo tu. Nimesema kwa mlango: amekojoa, maji yanakaa. Nasikia mtu ameketi chini, mgongo wake kwenye mbao, sijui ni yupi kati yao.

Sasa Waya anaimba. Ni ule wimbo wa kubembeleza aliotuimbia mimi na Zablon, kwa sauti ya chini, kama kwamba hakuna mlango. Javan, ambaye tangu jana hakugeukia kitu, amegeuza kichwa kuutafuta.