Kompyuta za Mzee Abdulkadir Zinaganda Siku ya Soko

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako maana maji yamenifika shingoni. Mimi ni msichana wa Zombe, nilisomea kompyuta Nairobi, na mwaka jana Mzee Abdulkadir, mwenye duka la jumla hapa Kitui mjini, aliniajiri nimwandikie programu ya mauzo ambayo makarani wake wote wangetumia kwa pamoja, nami nikaiandika hivi, kwamba kila mteja akifika programu inaanzisha uzi wake, yaani kazi ndogo inayoenda sambamba na nyingine, na huo uzi unashika kufuli ya stoo, yaani ruhusa ya kugusa hesabu ya bidhaa ambayo hushikwa na mmoja tu kwa wakati, unapunguza bidhaa, kisha unaachilia kufuli ili wengine nao wapite. Siku za kawaida inaenda vizuri, lakini siku ya soko watu wanajaa, mteja anaagiza sukari, halafu anabishana bei, anasema, "Wacha nizunguke kwanza, nitarudi," karani anafuta agizo, mimi naua ule uzi papo hapo, na ikikaribia saa sita kompyuta zote zimeganda, basi nangoja mzee aende swala ya adhuhuri, nafunga mlango, nazima kila kitu na kuwasha upya, naye akirudi ananiambia, "Mumbua binti yangu, mashine yako hii ina baraka," nami nataka kulia. Sasa anafungua duka la pili Mwingi na anataka programu hiyo hiyo huko, ambako sitakuwepo kuizima. Nimwambie nikose kazi, au ninyamaze?

Mumbua, Kitui

Mumbua mwanangu,

Pole sana, na aibu kidogo pia! Mimi kompyuta siijui, kwa hivyo barua yako nimempa Kasyoka, dada anayetunza mashine hapa gazetini. Alipofika penye "naua" alishika kichwa. Anasema uzi ukiuawa umeshika kufuli, hakuna wa kuifungua tena, na wenzake watangoja mpaka kiama. Wewe mtoto wa Ukambani hujawahi kwenda mwethya, ile kazi ya kusaidiana ya kikundi? Mtu akiitwa nyumbani katikati ya kuchimba matuta, humfukuzi na jembe la kikundi begani. Unamwambia, anarudisha jembe, ndipo anaenda.

Basi acha kuua. Karani akifuta, uzi uambiwe uache, nao wenyewe uachilie kufuli, ufunge faili ulilofungua, ndipo uishe. Kuachilia huko kuweke mahali pasipoweza kurukwa, mauzo yakifaulu au yakiharibika. Na jioni programu isifungwe kabla kila uzi haujatoka. Kasyoka anasema kazi hiyo unaiweza. Ulikosea tu kuandika kana kwamba kila anayeagiza atanunua. Kitui hii?

Mzee mwambie leo, kabla hajapeleka chochote Mwingi. Mpe tatizo pamoja na dawa yake. Atanuna, na ana haki, lakini anayekuita binti yangu hatanuna mwaka mzima.

Kisha siku ya soko akienda kuswali, usifunge mlango. Waache makarani wauze, nawe nenda ukale chakula cha mchana. Nadhani ni siku nyingi hujakila kikiwa moto.