Miguu Iliyokunjwa Nne

Mjukuu wangu Saidi,

Huku Mtua hatujambo. Bibi yako kikohozi kimemwachia, na mikorosho imeanza kutoa maua. Unauliza kwa nini nilikukatia simu. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo! Kwenye video uliyonitumia gari linashika mwendo lenyewe bila wewe kukanyaga mafuta, nawe umekunja nne nyuma ya usukani kama uko barazani, unacheka.

Nilipokuwa kijana naendesha lori la korosho, niliweka tofali juu ya pedeli ya mafuta, nikakunja miguu hivyo hivyo, nikaimba. Karibu na Matambarale mama mmoja alikuwa ameinama barabarani, akigeuza makopa ya muhogo aliyoyaanika. Mpaka nikunjue miguu niifikie breki, mama amesharuka kando na makopa yake nimeyasaga yote. Hakunitukana. Alichukua ungo akaanza kuokota vipande. Afadhali angenitukana.

Gari lishike mwendo, sikatai. Lakini mguu wako ukae jirani na breki, we mtoto! Ukija Idi, kwenye lami ya hapa kwetu, atakayekuwa ameinama akigeuza makopa ni mama yako.

Babu yako,
Mzee Issa