Safari ya Saa Kumi na Saba

Jumanne

Nina miaka themanini na moja. Nimewazika ndugu zangu watano na nimemaliza baiskeli nne, lakini leo kidogo Kabula aniue.

Jana saa tatu usiku huyu binti yangu wa mwisho alipanda ndege hapa Mwanza, anakwenda London kusoma. Aliniaga akisema, "Baba, ni karibu kilomita elfu saba, safari ni saa kumi na saba." Nikamwitikia tu, nisimwaibishe mbele za watu. Saa gani hiyo? Saa huishia kumi na mbili, halafu unaanza moja. Nikatoa kumi na mbili, ikabaki tano. Basi atafika saa tano asubuhi. Nikatangaza mtaa wetu wote wa Igoma.

Saa tano, simu kimya. Saa sita, kimya. Ugali nikausukuma kando. Niliogopa, nasema kweli. Akilini nilimwona mwanangu ndani ya maji, ndege imeanguka.

Mama Rehema, jirani, alicheka mpaka akakaa chini. "Mzee wangu, huo ni muda wa kuwa njiani, siyo saa ya kufika! Hesabu kwa vidole."

"Vidole vyangu vina kazi nyingine," nikamjibu. Lakini nilihesabu, mikono nyuma. Nikapata saa nane mchana.

Saa nane na robo simu ikalia. "Shikamoo baba, nimefika salama."

"Marahaba. Umechelewa."

Sauti ilinikatika, nikasingizia mtandao.

Sikulia. Anayebisha akamuulize Mama Rehema, alikuwepo. Ila asimuulize leso yake ililowaje.